Nyota ya Binti Kibibi

Tarehe 9 Aprili 2081, asubuhi ya manyunyu, mnajimu wa serikali na mashahidi wawili walifika kwa Saumu, mwongozaji wa filamu za vichekesho, kuhakiki nyota yake. Kisheria, kila mwongozaji hufuata mtindo wa nyota yake, nayo hupigiwa hesabu kwa jina lake na la mama mzazi. Saumu alikuwa Mizani, nyota ya furaha.

“Bi Mize, wewe ndiye uliyemzaa?” mnajimu alimuuliza mama aliyelala kitandani, mgonjwa hajiwezi.

Bi Mize alishika tasbihi. “Nimemlea, mwanangu. Aliyemzaa ni dada yangu, marehemu Kibibi.”

“Mama, nyamaza,” Saumu alinong’ona.

“Niseme uongo, na Mungu ananisikia?”

Mnajimu akapiga hesabu upya. “Ng’e,” alisema.

Saumu alimgeukia mama kitandani. Waongozaji wa Ng’e walirekodi watu wakikata roho tu, na sheria iliwataka waanzie nyumbani kwao.

“Apa, dada. Mashahidi wanasikia,” mnajimu alimwambia Saumu.

Bi Mize alijivuta, akanyoosha shuka lake. “Sema tu, mwanangu. Mimi nimeshatubu.”

“Mimi Saumu binti Kibibi,” alisema, “naahidi sitaizima kamera mpaka mama anyamaze.”