Mdhamini wa Hajara

Afande Otim alitaka kujua kama stroberi huchumwa mtu akiwa amesimama au ameinama.

"Ameinama, afande," Hajara alijibu.

"Siku mzima?"

"Wanasema kuna mapumziko ya chai."

Afande akajishika kiuno, akaguna, akaendelea kukoroga chai yake. Sukari ya mwisho ya nyumba ile ilikuwa ndani ya kikombe hicho, na Bi Mwanawetu, mama yake Hajara, alikitazama kama mtu anayesindikiza jeneza.

Hakuna mtu pale Bukoto aliyewahi kuonja stroberi. Hajara mwenyewe aliiona pichani tu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, chuo kikuu kilikuwa bado hakijafunguliwa, na shirika moja la vijana lilikuwa likipeleka wanafunzi Uholanzi kuchuma matunda, kulala bure na kuiona dunia. Vijana wa Ulaya waliita jambo hilo likizo. Kampala, katika mwaka wa nne wa serikali ya jeshi, ililiita kutoroka, maana kila aliyekwenda kutembea alisahau njia ya kurudi. Kwa hiyo hukupanda ndege bila kibali cha watu kama Afande Otim, nao walikuja kwako wakati wanaotaka, wakanywa wanachotaka.

Yeye alipenda kiti cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Gari lake aliliegesha nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Askari wa kwao kaskazini walikuwa wakipungua kazini wiki hadi wiki, na hakuna aliyethubutu kuuliza wamehamia wapi. Otim alikuwa bado yupo. Majirani walisema basi huyo lazima ni mbaya kuliko wote.

"Na miaka? Wanachukua mpaka miaka ngapi?"

"Vijana tu, afande. Lakini hawachunguzi sana. Mwaka jana walimchukua mwalimu mwenye upara."

"Upara!" Afande akapapasa kofia yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akakumbuka kazi yake, akakunja uso. "Sikiliza, binti. Nyinyi yote mnasema mtarudi. Nani amerudi? Mimi nataka mtu. Mtu ya kubaki hapa, mimi namshika."

Mtu alikuwepo, amekaa mkekani karibu na mlango. Umar alikuwa muuza viatu wa Nakivubo na mchumba wa Hajara. Uchumba wenyewe ulikuwa mbichi kabisa. Bi Mwanawetu, ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao na masharti yao, alikuwa ameapa kwamba binti yake hatakanyaga ng'ambo kabla hajaposwa. Posa ikaletwa mbio mbio, watu wakala pilau, na sasa Umar ndiye aliyekuwa akitazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni kama mbuzi wa Idi.

"Mimi hapa, afande," alisema.

"Unajua Kingereza?"

"Najua, afande."

"Kusoma, kuandika, yote?"

"Yote, afande."

"Sawa. Wewe ndiyo mdhamini. Kila Ijumaa unakuja kwa ofisi yangu kule Naguru, nakuona na macho. Huyu binti akipotea..." Akamnyooshea Umar kijiko. "Mimi na wewe."

Sentensi ile haikuhitaji kumaliziwa. Umar akakubali kwa kichwa. Bi Mwanawetu akasoma dua kimoyomoyo, na kibali kikagongwa mhuri.

Siku ya safari, kule Entebbe, Umar alimsogelea Hajara huku anajifanya kumbebea mkoba. "Ukifika, kaa," alinong'ona. "Usirudi. Mimi Mungu atanisimamia."

"Nyamaza! Narudi."

Alimpenda, na aliona aibu. Alitaka kuiona dunia, si kuiona akiwa amesimama juu ya shingo ya mtu.

Basi akachuma stroberi. Mgongo ulimuuma, mvua ilimnyeshea, na lile tunda lenyewe lilikuwa chachu kuliko ukwaju. Jioni vijana walipiga gitaa na kupanga kwenda Paris kuosha vyombo. Kijana mmoja wa Ghana alimwambia waziwazi kwamba anayerudi Kampala kwa hiari yake ana wazimu. Hajara alijua hakukosea. Alilia usiku kucha, asubuhi akafunga mkoba wake, akaenda shambani kumalizia siku yake ya mwisho.

Alikuwa ameinama katikati ya tuta teksi iliposimama barabarani. Akashuka Afande Otim, amevaa suti. Nyuma yake akashuka Umar, amekonda, masanduku mawili mikononi.

Hajara alitupa kikapu chake. Akakimbia hivyo hivyo, matope hadi magotini, akaanguka mbele ya afande.

"Afande, sijatoroka! Kesho narudi, tiketi ninayo! Wallahi narudi! Mwachie Umar, hana kosa!"

Otim aligeuka haraka kuitazama barabara. Teksi ilikuwa imekwisha kuondoka. Akamziba Hajara mdomo kwa kiganja.

"Unarudi kufanya nini? Unataka kuniua? Kule nimeambia wakubwa wewe umetoroka, ndiyo wakanipa tiketi mbili, nije na huyu mwenye Kingereza tukukamate." Akavua koti, akamtupia Umar, akalitazama tuta la stroberi kutoka mwanzo hadi mwisho, akashusha pumzi. "Msimamizi akiuliza, mimi niko na miaka ishirini. Haya, vikapu wanatoa wapi?"