Mzani Hauna Ndugu

Njiti alisimama juu ya mzani wa jukwaa akiwa na bukta tu, kati ya rundo la rejeta kuukuu za magari na gunia la nyaya za shaba. Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi. Kila Jumatatu saa hiyo, yadi nzima ya vyuma chakavu ilisimamisha kazi kwa dakika mbili ili kushuhudia msiba.

"Arobaini na saba na robo," mjomba wake alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Wiki iliyopita ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na saba na robo."

"Hongera, mpwa wangu. Hujapungua."

Wapakiaji wawili walipiga makofi.

Njiti alikuwa na miaka ishirini na mitano, urefu wa mita moja na sentimita themanini, na mwili ambao ukisimama kiubavu nyuma ya nguzo ya umeme, nguzo ndiyo inayoonekana. Alikuwa akitafuta kilo mbili na robo tatu. Hakuzitafuta kwa ajili ya urembo. Kulikuwa na fomu ya kazi ya serikali, yenye sare na pensheni: cheti cha kidato cha nne, umri usiozidi miaka ishirini na mitano, na uzito usiopungua kilo hamsini, kwa kuwa kazi yenyewe ilidai kubeba vyuma vizito. Mwaka uliotangulia alikuwa na fomu hiyohiyo. Mzani ukamwonyesha arobaini na sita, akaikunja na kuiweka chini ya godoro, maana nauli ya kwenda kuaibishwa ni sawa na nauli ya kwenda kuajiriwa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho.

Mjomba hakuwahi kuuliza ni kazi gani. "Vyuma hata hapa vipo," alisema. Ilikuwa kweli. Kilichokosekana hapa ni mshahara. Njiti alilipwa kwa chakula, malazi na mawaidha.

Mawaidha hayakuwa na uhaba. Jirani alimletea dawa ya minyoo. Haikutoka minyoo, ama ilikuwepo ikafa kwa njaa. Fundi cherehani, aliyempunguzia suruali mara ya tatu, alishauri aoe, kwamba wanaume hunenepa kwa ndoa. Yeye mwenyewe alikuwa na ndoa mbili na wembamba wa futi yake. Zahanati ya karibu ilikuwa na mzani wa kuning'iniza watoto wachanga tu. Muuguzi alimtazama Njiti, akautazama mzani, akasema huenda tukajaribu.

Aliyefanya jambo la maana ni mkaza mjomba. Hakusema neno, alipika. Mayai manne asubuhi, karanga mchana, maziwa usiku, ndizi kila alipopita jikoni. Njiti alikula kama anayelipwa kwa tonge. Kwa mwaka mzima mshale ulisogea kilo moja na robo.

Siku moja alikunywa lita mbili za maji kwa mkupuo, akapanda. Mshale ulipanda kwa kilo moja na gramu mia saba.

"Umeona?" mjomba alisema kwa huzuni. "Mwili wako unayeyusha hata maji."

Njiti aliutazama mshale, akashuka, akaenda chooni.

Adhuhuri hiyo mama mmoja alifika na gunia la sufuria zilizotoboka.

"Nane na nusu," mjomba alisoma.

"Nane? Mwenye mashine ya kusaga kanipimia sasa hivi, kumi kamili."

"Basi kamuuzie mwenye mashine, asage sufuria."

"Baba, mimi nazungumza ukweli."

"Na mimi nasoma ukweli, mama. Mzani hauna ndugu. Muulize huyu mpwa wangu kama umewahi kumhurumia."

Mama alimtazama Njiti kuanzia shingo hadi kwenye ndala, akapokea pesa ya kilo nane na nusu.

Jioni mkaza mjomba alimkuta Njiti akiikunja fomu tena. Akafungua fundo la kanga yake, akamwekea nauli mkononi.

"Nenda."

"Mkaza mjomba, sijafika hamsini."

"Kama ni kukataliwa, wakukatae wao. Si mume wangu."

Alhamisi akaenda. Daktari wa usaili alimpandisha kwenye mzani mdogo mweupe, akaandika, akamwambia avae viatu. Njiti akaomba kupanda tena. Akapanda. Akaomba mara ya tatu.

"Kijana," daktari alisema, "ukipanda mara kumi haitabadilika."

"Najua," Njiti alisema.

Nyumbani mjomba alikuwa akimsubiri getini.

"Ehe?"

"Wamenipima."

"Nilikwambia," mjomba alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Kesho tuna tani mbili za kupakia."

Kesho yake Njiti hakuonekana. Alikuwa ameondoka alfajiri na begi moja, na mkaza mjomba peke yake ndiye aliyeagwa. Mjomba aliwaeleza wateja kuwa aibu imemkimbiza kijana wa watu, na kwamba upepo ukiwa mkali huko aliko, basi tusubiri salamu kutoka nchi jirani.

Miezi minne baadaye, Jumatatu, saa moja asubuhi, Njiti aliingia getini amevaa sare, yenye mikono mipana kupita kiasi na beji ya ukaguzi wa mizani kifuani.

"Shikamoo, mjomba," alisema, akalitua juu ya jukwaa jiwe la chuma la kilo ishirini lenye muhuri wa serikali.

Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye kumi na saba.

"Maskini," Njiti alisema, akitoa kalamu. "Nalo limekonda."