Bwana Harding Hana Nyumba Huku

Gari lilikuwa bado linakwenda Sedekia alipofungua mlango na kurukia mtaroni.

Bwana Pratt, mkaguzi wa kodi kutoka Iringa, alikanyaga breki akidhani karani wake ameumwa na nyuki. Alimkuta amechuchumaa kwenye magugu, kofia usoni. Barabarani, mama mmoja mwenye kikapu kichwani alipita taratibu kuelekea Igowole, naye amegeuzia uso mlimani.

"Mama mkwe wangu, bwana," Sedekia alisema mama yule alipokwisha kupita.

Alieleza kwamba kwa watu wa mke wake, aliyetoa mahari hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani, hujificha, na mama naye hujifanya hakuona kitu. Mkaguzi alicheka mpaka macho yakamtoka machozi. Kwao pia, alisema, mama mkwe huogopwa, ila wao huogopa wakiwa wameketi vitini. Akauliza kama kuna wengine wanaomkimbia mama huyu.

"Niko peke yangu. Binti yake mdogo, Benedicta, yuko kwa masista, hajaolewa. Mwanyumba, mtu aliyeoa nyumba moja nami, wa kujificha naye sina."

Walikuwa wakienda kumkagua Bwana Harding, mhandisi wa Kiingereza aliyejenga daraja kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umezidi umri wa daraja. Serikali ilimhurumia mgeni wa namna hiyo: posho yake ya kuishi mbali na nyumbani haikutozwa kodi. Huruma hiyo ilikuwa na sharti moja tu, kwamba asiwe na nyumba huku. Mtu mwenye mke na jiko hawezi kulipwa kwa upweke.

Sedekia aliifahamu huruma hiyo. Kwao ni Mbeya, na aliwahi kuomba posho kama ile. Alijibiwa kwa adabu kwamba mwenyeji wa Tanganyika, popote alalapo Tanganyika, yuko nyumbani. Sasa mama yake alikuwa anapofuka huko Mbeya, na Sedekia alitaka kuhamishiwa huko mama angali anaweza kumwona. Bwana Pratt alikuwa ameahidi: mkamate Harding na uongo wake, uhamisho ni wako.

Lakini Bwana Harding hakukamatika. Nyumba yake ya mabati ilikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na kitanda ambacho hata mtawa angekilalamikia. Ukutani ilining'inia picha ya nyumba yenye maua ya waridi, Uingereza. Bwana Harding aliitazama akashusha pumzi.

Sedekia alichungulia chini ya kitanda, akafungua kabati, akanusa mapazia. Hakuona hata kitana. Nyuma ya nyumba aliona shamba la maharage lililopaliliwa vizuri mno, akauliza ni la nani. La mpishi, alijibiwa.

Bwana Pratt, ambaye naye alipokea posho hiyohiyo, aliguswa sana. Alitia sahihi kwamba mgeni huyu hana makazi nchini, akampa mkono kama mfiwa, akaingia garini kuwasha injini. Bwana Harding alibaki uani akipunga mkono. Sedekia aliagana na Mbeya kimoyomoyo.

Ndipo alipoona kikapu kile kikichomoza kwenye kona ya njia.

Hapakuwa na mtaro. Palikuwa na tangi la maji pembeni mwa nyumba, akalikimbilia. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo alikwisha kufika: Bwana Harding, amechuchumaa, kofia usoni.

Bwana Pratt alipiga honi, akauliza kwa sauti kama kuna kitu kimesahauliwa.

"Ndiyo, bwana," Sedekia alijibu, naye akichuchumaa na kujifunika uso. "Njoo nikujulishe kwa mwanyumba wangu."