Vumbi la Hekalu

Wageni walipokwisha kuondoka, mlinzi aliwafungulia wanawake wawili mlango wa nyuma wa hekalu, akawageuzia mgongo. Tangu zamani wanawake wa mji ule waliotamani mtoto walikuja usiku, wakakwangua jiwe la ukutani na kunywa vumbi lake. Bahiya alikuwa hajapata mtoto, na kesho wazee wangeketi kuamua kama aachwe.

Mama mkwe wake, Bi Tafida, alimwonyesha mfuo uliochimbika ukutani, chini ya miguu ya mfalme aliyechongwa. Bahiya akaanza kukwangua kwa kijiko.

"Taratibu, mwanangu. Huoshi sufuria."

Vumbi likaangukia kwenye kikombe cha maji.

"Na wewe ulikunywa, mama?"

"Nilikunywa mpaka mlinzi akanizoea."

"Ndipo ukampata mume wangu."

Popo walipita kati ya nguzo.

"Mumeo alizaliwa na mke mwenzangu. Alifariki akimzaa, Mungu amrehemu. Mimi nilimlea tu."

Kijiko kikasimama. "Basi umenileta kufanya nini?"

"Kesho watauliza kama ulijaribu. Nataka nikuapie mbele yao bila kusema uongo. Mimi sikuwa na wa kuniapia."

Bahiya akainua kikombe. Alikunywa nusu, kisha akamnyooshea mkwewe kikombe. Bi Tafida alikipokea kwa mikono miwili, akabaki akitazama vumbi likishuka polepole ndani ya maji.