Shahidi Aliyetazama Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya kutoka Kitale kwenda kortini Bungoma, wakili wa serikali Ndirangu aling'arisha viatu vyake mwenyewe. Mikono ya watu wengine hakuiamini. Asubuhi hiyo Nangila alimpokonya kiatu cha pili.

"Miaka mitatu tunaishi pamoja, Ndirangu. Kwetu utaenda lini? Si hata leo ungepitia tu, wazee wakuone?"

"Nionwe? Kwani mimi ni fahali wa mnada?" Alikinyakua kiatu chake. "Watu wenu wamezoea kungoja. Wangoje."

Kesi ya siku hiyo aliiona ndogo mno kwa mtu wa hadhi yake. Wabwile, fundi wa baiskeli, alishtakiwa kwa kuiba ng'ombe wa jirani. Mtu mmoja tu angeweza kumwokoa asifungwe: Mama Rispah, mjane aliyesema kwamba usiku wa wizi Wabwile alikesha kwake, akichochea moto wa matanga.

Mama huyo alimjibu wakili wa Wabwile vizuri, macho makavu, bila kubabaika. Kisha Ndirangu akasimama, akakohoa kidogo, akavuta tai.

Mama Rispah alimwona, akashtuka. Akajifunika leso mpaka puani, akageuka, akautazama ukuta.

"Mama, nitazame."

Mama akaivuta leso hadi chini ya macho.

"Ati unaogopa suti?"

Watu wakacheka. Mama akazidi kujikunyata.

"Mheshimiwa," Ndirangu akamwambia hakimu, "mashahidi wa huku ndio hawa. Wakidanganya, shingo inapinda yenyewe. Mtu mkweli hukaza macho. Huyu hata haya ya kusema uongo hajui aifiche wapi. Naomba ushahidi wake utupwe."

Kizimbani, Wabwile aliinamisha kichwa.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, usipomgeukia wakili ukamjibu, itabidi nikubaliane naye, na Wabwile ataenda jela. Una nini na huyu bwana?"

Mama alimwangalia Wabwile kwa pembe ya jicho, akarudi kwenye ukuta wake, kisha akapaza sauti korti nzima ikamsikia.

"Mheshimiwa, sura yake naijua, picha nilitumiwa. Na kwetu mama hamkazii mkwe macho. Huyo ni bwana ya Nangila wangu, na tangu amchukue hajaleta hata kuku."