Umeme Uliokosa Njia ya Kurudi

Siku hizo magari yalijiendesha yenyewe, na kila asubuhi mji ndio ulioyapangia pa kwenda. Gari la zamani, lenye usukani, liliachwa litembee mradi taa zake ziwake sawasawa. Likishindwa ukaguzi, husagwa.

Asubuhi ya ukaguzi, gari la Kokugonza likaanza vituko: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinamulika. Mumewe, Rwegoshora, alikata tamaa.

"Mama Mujuni, balbu tumebadilisha zote. Tuliache liende."

"Balbu hazina kosa. Umeme umekosa njia ya kurudi, sasa unapita kwa taa jirani."

Akajipenyeza ndani ya buti la gari, akaufuata waya mweusi, ule wa kurudishia umeme, kwa vidole mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Kutu tupu! Akapasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza nati.

"Kanyaga, Baba Mujuni!"

Taa za breki zikawaka peke yake, nyekundu, zimetulia. Rwegoshora akacheka kwa fahari. Mke kama huyu amempata wapi? Gari likapita ukaguzi, na hata mkaguzi akampa Kokugonza mkono.

Wakatoka, Kokugonza kwenye usukani. Kwenye njia panda akasimama.

"Leo chagua wewe, mume wangu. Kushoto au kulia?"

Rwegoshora akatazama kushoto, akatazama kulia, na hakujua anataka kwenda wapi; miaka yote mji ndio uliomchagulia.