Miguu ya Bibi Ndeshi

Tangu magari yafutwe, kila mzee hupimwa: huendesha baiskeli isiyo na mota kwenye njia ya changarawe kando ya mfereji, hadi darajani. Anayeshindwa huondolewa nyumbani kwake na kupelekwa makao ya wazee.

Mimi Ndeshi, na miaka yangu themanini, leo nimewaacha wenzangu wa miaka sitini wakihema nyuma, kwa miguu yangu hii hii! Watu walinishangilia darajani, nami nikawapungia mkono.

Nilipoinama kuipangusa baiskeli vumbi, chuma cha katikati ya gurudumu la nyuma kikaniunguza vidole.

"Ni jua, mama," akawahi kusema Aminieli, mwanangu aliyeniundia baiskeli hiyo.

Afisa mpimaji alikuwa anakuja. Nikakifunika kile chuma kwa kanga yangu.

"Jua kali leo," nikamwambia, huku manyunyu yakianza.